Udongo mweusi wa mbuga: unakaa wapi, unatembea vipi, na kwa nini unawashinda wakulima na mafundi

#1 MchimbaShimo

Wakuu, heshima kwenu.

Maswali ya udongo mweusi yamekuwa mengi humu, na majibu mengi yanaanzia kwenye rangi. Rangi inadanganya. Udongo mweusi wa miteremko ya Rungwe umetokana na majivu ya volkano: ni mwepesi, unapitisha maji, una mboji nyingi. Udongo mweusi wa mbuga (yaani nyanda tambarare zinazotuamisha maji, siyo hifadhi za wanyama) za Shinyanga na Simiyu, wa bonde la Wembere, au wa uwanda wa Athi kule Kenya ni kitu kingine kabisa. Mboji yake mara nyingi haifiki asilimia 3, na weusi wake unatokana na kiasi hicho kidogo kilichoshikamana barabara na chembe za mfinyanzi. Anayeuona mweusi akadhani samadi haihitajiki atajuta msimu wa pili.

Jina lake la kitaalamu ni vertisoli. Ili udongo uitwe hivyo, mfinyanzi usipungue asilimia 30 kuanzia juu kwenda chini, nyufa zifunguke na kujifunga kwa misimu, na ndani ya mita ya kwanza kuwe na tabaka la angalau sentimita 25 lenye dalili za kusuguana. Mbuga zetu nyingi zina mfinyanzi asilimia 40 hadi 60, nyingine zaidi.

Kinachouendesha ni aina ya mfinyanzi, siyo wingi peke yake. Udongo mwekundu wa Kikuyu nao una mfinyanzi mwingi, wala haupasuki hivyo, kwa sababu wake ni kaolinaiti: maji hayaingii katikati ya kurasa zake, yaani vile vitabaka vyembamba vinavyounda chembe ya mfinyanzi. Wa mbuga ni smektaiti. Maji yanapenya katikati ya kurasa, zinaachana, udongo unavimba. Ukikauka zinarudiana, udongo unasinyaa, nyufa zinatokea. Kiangazi nyufa zinaweza kufika kina cha mita moja. Udongo wa juu uliolegea unadondokea ndani ya nyufa. Mvua ikirudi, udongo wa chini unavimba ilhali nafasi yake imeshajazwa, hivyo unasukumana kwa ubavu na kupanda juu kwa mshazari. Ndiyo maana ukichimba kuanzia sentimita 50 hivi unakuta mabonge yenye umbo la kabari na nyuso zinazong'aa kama zimepigwa msasa. Na ndiyo maana uso wa mbuga ambayo haijalimwa haulingani: una vidimbwi na vinundu vinavyopishana, hata kama kwa mbali unaonekana tambarare.

Sasa unakaa wapi? Unahitaji mambo matatu kwa pamoja: mvua ya wastani (nyingi ya maeneo haya hupata milimita 500 hadi 1,000 kwa mwaka), kiangazi kirefu kinachoukausha kweli, na mahali ambapo maji hayaondoki haraka, mara nyingi mteremko wa chini ya asilimia 3. Mvua ikizidi sana na maji yakapata njia, kalsiamu, magnesiamu na silika vinasombwa, na smektaiti haidumu. Mvua ikiwa kidogo mno, mwamba hauozi vya kutosha kutengeneza mfinyanzi huo.

Usukumani unaweza kuusoma mpangilio huu kwa miguu. Anzia kwenye majabali ya matale, shuka. Karibu na mawe udongo ni mfupi, wa changarawe. Chini yake unakuja mchanga (isanga, luseni), mwepesi kulima lakini hauna chakula. Ukishuka zaidi unakuta itogolo, kichanga juu na tabaka gumu chini. Kisha ibambasi, yenye chumvichumvi na ngumu kama nini. Mwisho kabisa, chini, mbuga. Kila kilichoyeyuka juu kwenye matale kimesafiri na maji ya ndani ya ardhi hadi pale chini kikatuama, na mfinyanzi wa smektaiti umejijenga humo humo. Wasukuma walishaupanga hivyo zamani kwa ajili ya mazao. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, akaupa mfuatano wa namna hii wa Afrika Mashariki jina la katena, na leo jina hilo linatumika duniani kote.

Kwa hiyo ukiuliza swali hapa, usiseme tu "mweusi". Sema uko wapi kwenye mteremko, mvua kiasi gani, na juu yako kuna mwamba gani.

---

#2 PlotiYaKitengela

Asante sana mkuu. Huku kwetu Kitengela, Kenya, hakuna milima ya matale juu yetu. Uwanda wote wa Athi na Kapiti ni mweusi, hata sehemu ambazo si bonde. Hiyo katena inafanyaje kazi hapo?

---

#3 MchimbaShimo

Swali zuri. Huko mwamba mama uko chini ya miguu yako, si juu ya mlima. Ni fonolaiti, lava iliyomwagika ikatandaa na kuacha uwanda. Lava hiyo yenyewe inatoa madini ya kutosha kutengeneza smektaiti, na kwa kuwa haina mteremko na maji hayapenyi mwamba kirahisi, yanabaki pale pale. Ongeza mvua ya milimita 500 hadi 800 na viangazi viwili kwa mwaka, umepata mbuga bila mlima.

Linganisha na Limuru na Kikuyu. Nako ni miamba ya volkano, ila mvua inapita milimita 1,000, ardhi imeinama na maji yanashuka. Silika na kalsiamu vimesombwa, chuma kimebaki, udongo ni mwekundu na wa kina kirefu. Ndani ya jiji moja la Nairobi unavuka kutoka huu kwenda ule: magharibi na kaskazini mwekundu, Embakasi na kushuka kuelekea Syokimau mweusi. Kilichobadilika zaidi ni maji.

Dalili ya bure kwa mnunuzi wa ploti: ukiona ile migunga mifupi yenye manundu meusi ya sisimizi (Acacia drepanolobium) imetanda peke yake, uko juu ya mfinyanzi unaovimba. Miti mingi mingine hukatwa mizizi na nyufa, au huzama masika. Huo unavumilia.

---

#4 JarubaLaBibi

Mtaalamu, mimi shida yangu ni kutofautisha mbuga na ibambasi. Zote zinakuwa kijivu-nyeusi, zote ngumu kiangazi. Nimeona watu wakipoteza mbegu kwa kuzichanganya. Kuna kipimo cha kufanya shambani bila maabara?

---

#5 MamaMaabara

Nijibu mimi, MchimbaShimo apumzike.

Vipo vitatu, vyote vya bei ya glasi.

Cha kwanza ni cha bonge kwenye maji. Chukua maji ya mvua, siyo ya kisima, kwa sababu maji ya kisima yenye chumvi yatakuficha jibu. Weka glasi mezani, dondosha kibonge kikavu cha ukubwa wa punje ya hindi, usikitikise. Kiache saa mbili, kisha kiangalie tena kesho yake. Kibonge kikimomonyoka na kulala chini huku maji yakibaki maangavu, hiyo ni mbuga ya kawaida yenye kalsiamu. Maji yakianza kuwa kama maziwa kuzunguka kibonge, umeshika udongo wenye sodiamu nyingi, yaani ibambasi au ndugu yake. Chembe zinatawanyika, ndiyo maana juu panaziba na mche hautoki.

Cha pili ni ndimu au siki. Chimbua vile vinundu vyeupe vya chini, sentimita 60 hadi 100, udondoshee. Vikitoa povu ni chokaa. Mbuga nyingi zinavyo, na pH yake (kipimo cha uchachu; 7 ni katikati, chini yake ni uchachu) huwa kati ya 7 na 8.5. Ukipima ukapata zaidi ya 8.5, shuku sodiamu hata kama glasi haikusema kitu.

Cha tatu kinapima kuvimba kwenyewe. Chekecha udongo, ukande na maji hadi uwe kama unga wa chapati, viringisha kijiti kinene kama kidole, ukate urefu wa sentimita 10 kamili. Kianike kivulini hadi kikauke kabisa, siku mbili tatu, kisha pima. Toa urefu mkavu kwenye urefu wa mwanzo kikiwa kibichi, gawanya kwa urefu mkavu. Kikibaki sentimita 9.4, jibu ni 0.6 gawanya kwa 9.4, yaani 0.064. Kuanzia 0.06 kwenda juu unahesabiwa ni udongo unaovimba wa kweli. Kosa la kawaida ni kukianika juani: kinapinda na kukatika, ukipima unapima uongo.

Ibambasi huponywa kwa jasi pamoja na maji ya kuisafisha, na inachukua miaka. Mbuga haihitaji jasi. Inahitaji kupangiwa maji.

---

#6 KijanaWaPlau

Kuupangia maji ndiko kunakoniumiza kichwa. Ukilima ukiwa mkavu, plau inaruka na kutoa mabonge kama matofali. Ukilima ukiwa na maji, ng'ombe wanazama. Wakati wenyewe ni upi?

---

#7 MchimbaShimo

Dirisha lake ni jembamba, siku chache tu baada ya mvua. Chukua udongo wa kina cha plau, siyo wa juu, uviringishe kiganjani uwe uzi mwembamba wa milimita 3. Uzi ukishikamana bila kukatika, umelowa mno: plau italainisha na kuziba ukuta wa mfereji wake, na chini utaacha tabaka lisilopitisha mzizi. Uzi ukikatikakatika unapofikia unene huo, ingia. Udongo ukigoma kabisa kuviringika na ukasagika kuwa vumbi gumu, umechelewa.

Njia rahisi kwa wengi ni kulima mara tu baada ya kuvuna, unyevu wa chini ukiwa bado upo, ukayaacha mabonge. Usihangaike kuyavunja. Manyunyu ya kwanza na jua la katikati yatayapasua yenyewe. Udongo huu ukiloweshwa na kukaushwa mara kadhaa unajisaga juu kuwa punje ndogo, kina cha sentimita 2 hadi 5. Wanaopita na haro mara tatu wanachoma dizeli.

Sasa maji yenyewe. Mvua ya kwanza ikikuta nyufa, inatumbukia moja kwa moja chini. Unaona imenyesha kubwa, juu hapana kidimbwi, ukadhani udongo unapitisha vizuri. Nyufa zikishajifunga, upenyaji unashuka chini ya milimita 1 kwa saa. Kuanzia hapo kila mvua inatuama, na mahindi yanageuka njano ndani ya siku chache kwa kukosa hewa mizizini. Halafu jambo ambalo wengi hawalioni: mfinyanzi huu unayang'ang'ania maji. Unaweza kuwa na unyevu asilimia 25 kwa uzito na mmea ukanyauka, kwa sababu mzizi hauwezi kuyang'oa. Mchanga wenye asilimia 10 ungekuwa umelowa vizuri. Kwa hiyo kimvua cha milimita 10 kwenye mbuga kavu usikipandie.

Kwa mazao yasiyopenda kutuamishiwa maji (mahindi, pamba, mtama, alizeti), tengeneza matuta mapana. Ethiopia, ambayo ina takribani hekta milioni 12.6 za udongo huu, miaka ya 1980 watafiti waliunganisha majembe mawili ya kienyeji ya ng'ombe kupata chombo cha kuyatengeneza. Vipimo vyake: tuta sentimita 80, mfereji sentimita 40, kina cha mfereji 15 hadi 20. Mfereji uinamishwe sentimita 40 hadi 80 kwa kila mita 100. Pima mwinamo kwa fremu ya A (miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, yenye timazi) au mpira wa maji, usikadirie kwa jicho. Ukiwa mlalo mno maji yanatuama, ukiwa mkali unakata korongo. Na mwisho wa mifereji lazima pawe na mkondo wenye nyasi. Hapa ndipo kazi nzuri huharibika: mtu anatengeneza matuta safi, maji yote anayamwaga kwenye njia ya ng'ombe, mwaka wa tatu pana korongo la kumezea trekta. Mbuga ikishaanza kukatika, kingo zinaporomoka kwa nyufa zake zenyewe, hata kwenye mteremko wa asilimia 2.

---

#8 DenguMkavu

Naongezea mkuu. Kuna njia ya kutopigana na maji kabisa: panda yanapoondoka. Dengu Shinyanga na Mwanza zinapandwa mvua zikielekea kukatika, Machi hadi Aprili, na zinakamilika kwa unyevu uliobaki chini. Shimo sentimita 5 hadi 8, maana juu panakauka haraka. Nafasi sentimita 30 kwa 10, mbegu moja. Hiyo ni mimea kama 135,000 kwa eka, kilo 30 hivi za mbegu ndogo za kienyeji. Ukichelewa, nyufa zinafunguka dengu bado changa na zinakata mizizi. Palizi ya juujuu, ya kuziba midomo ya nyufa, inaokoa unyevu mwingi kuliko watu wanavyodhani.

---

#9 JarubaLaBibi

Na mbolea? Duka la kwetu wanauza chokaa ya kilimo wakisema inafaa kila udongo.

---

#10 MamaMaabara

Dada, chokaa kwenye mbuga ni hela ya kutupa. Chokaa ni dawa ya udongo mchachu, na huu una chokaa yake chini tayari. Kuongeza pH kunafungia fosfora, zinki na chuma zaidi ya zilivyofungwa.

Kwa sababu hiyo hiyo unga wa fosfeti ghafi ya Minjingu haufanyi kazi hapa kama unavyofanya kwenye udongo mchachu wa nyanda za juu. Mawe hayo yanahitaji uchachu ili yayeyuke. Kwenye mbuga tumia DAP au TSP, mbolea za dukani ambazo fosfora yake inayeyuka kwa maji, iweke kwenye mstari chini na kando ya mbegu, usiitawanye.

Urea ukiimwaga juu, sehemu inapaa hewani kama amonia, kwa kuwa pH iko juu. Maji yakituama, nitrojeni nyingine inageuzwa gesi na bakteria. Ifukie sentimita 5, igawe mara mbili au tatu, na usiitie siku ambayo maji yamesimama.

Mpunga wa majaruba: ukiona majani yanapata madoa ya kutu wiki ya pili hadi ya nne baada ya kupandikiza, na mimea imedumaa kwa viraka, hiyo mara nyingi ni zinki. Kilo 10 za zinki salfeti kwa eka kabla ya kupandikiza. Wengi huongeza urea wakidhani ni njaa ya nitrojeni, na viraka vinabaki vilevile.

Samadi itie. Haitabadilisha mfinyanzi, lakini nitrojeni na mboji udongo huu unazihitaji, weusi usikupumbaze.

---

#11 PlotiYaKitengela

Turudi kwa ujenzi tafadhali. Jirani ana ghorofa nne, haina ufa. Nyumba za chini zote zimepasuka kwenye kona za madirisha. Si ingekuwa kinyume?

---

#12 FundiMsingi

Hapana bosi, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Udongo huu ukivimba ukiwa umebanwa, unaweza kusukuma juu kwa nguvu ya tani 10 kwa mita ya mraba, na mara nyingine mara kadhaa ya hiyo. Nyumba ya chini inabonyeza tani 3 hadi 5. Inanyanyuliwa. Ghorofa ni zito, na kwa kawaida msingi wake umepelekwa hadi kwenye mwamba.

Tena nyumba hainyanyuki sawasawa. Chini ya sakafu, katikati, unyevu haubadiliki sana. Pembeni unabadilika kila msimu. Masika kingo zinapanda, kiangazi zinashuka, na ukuta unakatika kwa mshazari kuanzia kona ya dirisha. Milango inayogoma kufungika msimu mmoja na kulegea msimu mwingine ni onyo la mapema.

Utaratibu. Chimba mashimo ya majaribio kila kona ya nyumba na moja katikati, hadi upate moramu au mwamba. Usitosheke na shimo moja, unene unabadilika ndani ya ploti moja. Weusi ukiisha ndani ya mita 1.5, uondoe wote, eneo lote la nyumba na mita moja nje ya kuta. Jaza moramu isiyovimba kwa matabaka ya milimita 150, kila moja lilowanishwe kidogo na kushindiliwa. Usijaze mchanga au kokoto tupu: utakuwa umetengeneza beseni la kukusanyia maji ndani ya mfinyanzi, na mvua ya kwanza itakaa humo chini ya nyumba.

Weusi ukizidi hapo, kung'oa kunakula bajeti. Nenda kwenye nguzo za kuchimbwa zinazokita chini ya kina kinachobadilika unyevu, juu zifungwe kwa mihimili ya zege, na chini ya mihimili uache uwazi wa milimita 75 hadi 100 ili udongo uvimbe bila kuigusa. Nimesema uwazi. Mafundi wengi wanamwaga zege la mhimili moja kwa moja juu ya udongo, kisha nguzo zote zinakuwa hazina maana, kwa sababu udongo unausukuma mhimili badala ya msingi. Njia nyingine ni bamba zito la zege lenye mihimili chini yake, linaloelea pamoja na ardhi kama kipande kimoja, lakini hilo apige hesabu mhandisi.

Halafu maji ya nyumba yenyewe. Gata zote ziwe na bomba la kupeleka maji mbali. Kibaraza cha zege kuzunguka nyumba, upana mita 1 hadi 1.5, kiiname kwenda nje. Shimo la maji machafu lisiwe karibu na ukuta. Mabomba yapitie kwa viungo vinavyocheza, la sivyo yanakatika, yanavuja, na unakuwa umejitengenezea masika ya upande mmoja. Mti mkubwa uupande mbali na ukuta kwa umbali usiopungua urefu wake ukishakua.

---

#13 KijanaWaPlau

Barabarani nimeona wanachanganya chokaa kwenye huu huu udongo. MamaMaabara kasema chokaa ni hasara. Yupi yuko sahihi?

---

#14 FundiMsingi

Wote. Ya barabara si ile ya kilimo. Ni chokaa iliyochomwa, asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu. Inachanganywa, inalowanishwa, inaachwa siku moja au mbili ili mabonge yalegee, kisha inachanganywa tena na kushindiliwa. pH inapanda hadi 12 na zaidi, kalsiamu inachukua nafasi kwenye kurasa za mfinyanzi, udongo unaacha kunata na kuvimba sana. Hapo hapaoti kitu, na hatutaki paote. Ila mvae miwani na glavu, inaunguza.

---

#15 JarubaLaBibi

La mwisho wakuu. Bwawa la kunyweshea ng'ombe mbugani, linafaa?

---

#16 MchimbaShimo

Chini litashika maji vizuri kuliko kwenye udongo mwingi mwingine. Tatizo ni tuta. Ukilijenga kwa udongo wa mbuga peke yake, kiangazi linapasuka upande wa juu usiofikiwa na maji, na mvua ya kwanza inapita kwenye nyufa hizo na kutoboa shimo katikati ya tuta kabla bwawa halijajaa. Shindilia udongo ukiwa na unyevu, matabaka ya sentimita 15, kingo ziiname mita 3 kwa kila mita 1 ya kwenda juu, kisha funika tuta lote kwa sentimita 30 za changarawe yenye udongo kutoka mteremko wa juu na upande nyasi. Njia ya maji ya ziada ipitishe pembeni kwenye ardhi isiyochimbwa, kamwe isiwe juu ya tuta. Na kabla ya kuchimba, fanya kile kipimo cha glasi. Maji yakigeuka maziwa, tafuta mahali pengine, tuta la udongo huo halitadumu.